Maswali ya Wasomaji: Lenzi za Kutazamia Slaidi Pacha

Baada ya kueleza jinsi ya kujitengenezea kitazamio cha slaidi pacha (picha mbili za kitu kimoja, moja kwa kila jicho), kile cha kuchungulia kwa macho mawili picha ikaonekana ina kina, ujumbe umekuwa mwingi. Najibu ninavyoweza.

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia slaidi alizopiga bandarini Kigoma kwa kamera ya Stereo Realist. Nimepata lenzi za milimita 80. Zitafaa? (Ujiji)

Marahaba. Utaona, ila hutafurahi. Kamera hiyo ya Marekani, iliyotoka 1947, ina lenzi za milimita 35, na kitazamio kikiwa na umbali wa fokasi uleule (kutoka lenzi hadi pale picha ya kitu cha mbali inapokolea), vitu hurudi na umbo lake. Kwa 80 picha itakuwa ndogo na kina kitavutika: mtumbwi wa kawaida utauona mrefu kama reli ya Tabora. Lakini 35 kamili nayo ni taabu, maana inabinuka mno, pembeni panaharibika na kope zinagusa kioo. Mimi huishia 45 hadi 50.

Nitajuaje fokasi ya lenzi isiyoandikwa kitu? (Mwanga)

Ingia chumba chenye dirisha linalotazama ziwani, siku isiyo na ukungu. Shika lenzi mbele ya karatasi nyeupe, isogeze mpaka milima ya Kongo itokee kichwa chini, imekolea. Pima kwa rula kutoka lenzi hadi karatasi. Basi.

Fundi miwani wetu ana lenzi za +10 tu. (Tabora)

Weka mbili pamoja kila jicho. Unapata nguvu ya kama +20, yaani fokasi ya milimita 50.

Nimechongesha lenzi za kioo. Katikati safi, lakini pembeni kila mlingoti una ukingo wa zambarau. Nimeibiwa? (Kasulu)

Hujaibiwa, ndugu yangu, uliagiza nusu ya kitu. Kioo kimoja hukusanya bluu karibu na nyekundu mbali kidogo. Dawa ni akromati, lenzi ya aina mbili za kioo: cha kroni kilichobinuka, kimegandishwa na cha flinti kilichobonyea. Flinti hutawanya rangi zaidi, kwa hiyo hurudisha zile zilizotawanyika bila kumaliza nguvu yote ya kroni. Kama mfuko hauruhusu, chukua lenzi ya plastiki ya akriliki. Polikaboneti, plastiki nyingine, iache kwenye miwani ya kuchomelea; haivunjiki upesi, lakini hutawanya rangi karibu maradufu ya akriliki.

Na usimsifu fundi kwa katikati. Mboni ina milimita 3 au 4 hivi, kwa hiyo jicho hutumia kipande kidogo tu cha lenzi kwa wakati mmoja, na hapo katikati hata lenzi ya ovyo hupendeza. Kazi huonekana jicho linapogeuka. Mimi huweka karatasi ya grafu mahali pa slaidi, taa nyuma yake, halafu natazama kona. Mistari ikipinda au kufifia, nageuza lenzi, uso wa nyuma uje mbele. Kwa lenzi yenye upande bapa, tofauti utaiona papo hapo.

Mwanangu wa miaka tisa anaona picha mbili, mimi naona moja. (Katubuka)

Macho yake yamekaribiana kuliko yako. Mtu mzima ni kama milimita 63 kati ya mboni na mboni, mtoto hupungua. Usigandishe lenzi kwa gundi. Zichongee mfereji zisogee. Akilalamika kichwa, mpe apumzike, slaidi hazikimbii.