Re: Kama sisi ndio hekalu, kwa nini tunachangia jengo?

Dada, umeuliza: kama Paulo alishasema sisi ndio hekalu la Mungu, kwa nini usharika wenu hapo Moshi bado unadai ahadi za jengo jipya? Swali halali kabisa.

Anza na Sulemani. Alijenga hekalu kwa miaka 7, lakini siku ya kuliweka wakfu alikiri mwenyewe kwamba hata mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile (1 Wafalme 8). Jengo halikuwa la kumfungia Mungu ndani. Lilikuwa mahali pa kuelekeza maombi, na sala ile inamtaja hadi mgeni asiye Mwisraeli. Mimi jengo lolote nalipima hapo: mgeni anapata nafasi?

Baadaye Yesu akauita mwili wake hekalu (Yohana 2), na Petro akawaita waumini mawe yaliyo hai. Ila soma vizuri 1 Wakorintho 3, pale Paulo anaposema sisi ndio hekalu. Paulo anaonya kanisa zima lililogawanyika makundi. Kamati ya ujenzi ikigombana hadi watu wahame usharika, hekalu limeshabomolewa, hata kama bati limepigwa na vigae vimewekwa.

Kwa hiyo changia kadiri ya uwezo wako. Hata kununua mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada ni kujenga (kuku wa mnada huwa ghali mno, lakini haya). Wakikusoma jina hadharani kwa ahadi ambayo hujamaliza, nenda kwa mchungaji umwambie kwa heshima kwamba haifai.