Mshtakiwa Anne wa Cleves

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya picha za zamani za mabinti wa watawala wa Ujerumani, zilizochorwa kwa rangi. Je, niziite picha, taswira au sanamu? Sentensi yangu moja ni hii: “Hans Holbein, mchoraji wa mahakama ya Uingereza, alimchora Anne, dachesi wa Cleves, mwaka 1539.”

JIBU: Marahaba. Ulichouliza ni chepesi, tukimalize upesi. Picha tuliichukua kwa Waingereza. Taswira na sanamu tulizitoa kwa Waarabu. Wazee wa pwani waliweza kuita sanamu hata kitu kilichochorwa karatasini, lakini leo ukitaja sanamu ya Anne msomaji atatafuta jiwe. Taswira nayo wameishika wahakiki wa mashairi, hawaiachii. Andika picha, useme imechorwa. Na nashukuru hukuandika “alimpiga picha”, kama wengi wanavyoniandikia. Upigaji picha wa kamera ulitangazwa Paris mwaka 1839, miaka 300 kamili baada ya Holbein kukunja vifaa vyake.

Sasa hiyo mahakama.

Mwanangu, kesi ilikuwa ya nini? Mahakama ni ndugu wa hukumu na hakimu. Ni mahali pa kuhukumia watu, hapana kazi nyingine. Waingereza wana neno moja, “court”, kwa nyumba ya mfalme, chumba cha hakimu na uwanja wa tenisi. Uhaba huo ni wao. Sisi tuna kasri, tuna jumba la mfalme, tuna baraza. Kwa nini twende kuazima kizimba?

Nimejaribu kuisoma sentensi yako kama mtu asiyejua neno la Kiingereza. Naona mji wa Düren, Agosti 1539. Binti kasimamishwa, gauni jekundu la mahameli lenye dhahabu na lulu, mikono kaikunja mbele ya tumbo, macho kakukazia wewe. Mbele yake bwana mmoja anamchora juu ya ngozi nyembamba. Kosa la binti ni kwamba nduguye Wilhelm anatawala Cleves, na Henry VIII wa Uingereza anatafuta mke wa nne na anataka kwanza kuona sura. Hakimu simwoni. Wakili simwoni. Amalia, mdogo wake, naye alichorwa katika safari hiyohiyo: bila shaka mshtakiwa wa pili.

Utanijibu kwamba kesi ilikuja baadaye. Ilikuja kweli. Ndoa ilifungwa Januari 1540, mfalme akalalamika kuwa bibi harusi hampendezi, na Julai ikabatilishwa. Thomas Cromwell, waziri wa mfalme aliyeipigania ndoa ile, akakatwa kichwa mwezi huohuo. Holbein hakuguswa, alibaki mchoraji wa mfalme hadi kifo chake mwaka 1543. Umeona? Mchoraji wa mfalme. Maneno matatu, na hakuna aliyeitwa kutoa ushahidi.

Ila usiyabandike kila mahali. Ukifika kwa Lucas Cranach, aliyemchora Sibylle, dada mkubwa wa Anne, mwaka 1526 akiwa mchumba wa Johann Friedrich wa Saksonia, kumbuka Saksonia ya siku hizo haikuwa na mfalme. Andika mchoraji wa mtawala wa Saksonia, au mchoraji wa kasri. Ukiandika “wa mahakama” tena, naomba uniambatanishie na namba ya kesi.

Limebaki dachesi, yaani mke wa mtawala wa nchi kama Cleves. Anne hakuwa mke wa mtawala wa Cleves. Huyo alikuwa mama yake, Maria. Yeye alikuwa binti tu, basi mwite binti. Neno dachesi lenyewe silipendi, linanikwaruza koo, lakini sina bora la kukupa. Kwa huyo mama, liache lipite.