Mbio za baiskeli za Paris-Roubaix, Ufaransa, huanzia wapi
Si Paris. Tangu 1977 waendeshaji wanaondokea mji wa Compiègne, kama kilomita 80 kaskazini mwa jiji hilo. Kilichobaki ni jina la 1896, mbio zilipoanza. Njia yenyewe nayo imekuwa ikihamahama kwa sababu ya vipande vya barabara vilivyotandikwa mawe: barabara za zamani za mashambani zilipowekwa lami, waandaaji walilazimika kutafuta vipande vilivyosalia upande wa mashariki zaidi. Leo mawe ni kilomita 55 hivi kati ya takriban 260, na ndiyo yanayoamua kila kitu, hata kombe la mshindi ni jiwe la barabarani. Ila mbio za wanawake, zilizoanza 2021, huanzia mji wa Denain. Wote humalizia uwanja wa baiskeli wa Roubaix.