Tangazo la mwaloni si barua ya ofisini

Ukipewa kazi ya kuandika tangazo la kikao cha wavuvi mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, kabla ya kushika kalamu angalia mwezi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika, na hapo ndipo utawapata watu. Kikao cha asubuhi katika siku za mwezi wa giza kitakuta wavuvi wamelala na akina mama wanaanika dagaa vichanjani, zile meza za kukaushia.

Kisha jiulize: litasomwa au litasikilizwa? Mwalo kama wa Igombe, Mwanza, una upepo, injini na watu wanaovutana bei. Kipaza sauti humeza mwanzo wa neno, na Kiswahili kimeweka ukanushi hukohuko mwanzoni: "msilete" ikipeperushwa inabaki "lete". Katazo lisitegemee silabi moja. Andika "Sangara wa chini ya sentimita hamsini ni marufuku", uongeze "yaani nusu mita". Namba ziwe kwa maneno, maana msomaji akikuta "sm 50" hujikwaa. Sentensi isipite maneno 12 hivi, pumzi moja tu. Siku, saa na mahali vitaje mwanzo na uvirudie mwisho; aliyekuwa anashusha samaki hakusikia mwanzo.

Habari hiyohiyo ikienda kwa afisa uvuvi wa halmashauri inavaa nguo nyingine: kumbukumbu namba, tarehe, "YAH:" kwa herufi kubwa, kupitia kwa mtendaji. Huko "zana haramu" ina kazi yake. Mwaloni sema "kokoro", ule wavu wa kukokota, kila mtu ajue anayesemwa ni nani. Wanaoanza wengi hunakili barua na kuisomea watu kwenye kipaza sauti, halafu wanashangaa kwa nini kikao kimejaa viti vitupu.

Ujumbe wa simu una herufi 160. Ukizidi unahesabiwa kuwa wa pili na unalipia mara mbili. Ila kosa kubwa huko ni saa. Wewe umeandika "10:00" ukimaanisha saa nne asubuhi, mwenzio anafika saa kumi jioni. Andika "saa 4 asubuhi".

Salamu nayo ina mipaka. "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, itafungua masikio ya Wasukuma wa mwalo wa Kayenze. Ukiipeleka kisiwani Ukerewe, kwa Wakerewe na Wajita, umejitambulisha kuwa mgeni. Penye mchanganyiko, "ndugu wavuvi, akina mama wa dagaa" yatosha.

Hao akina mama, usiwaambie "kuzingatia ubora wa mazao ya uvuvi". Waambie dagaa wa kichanjani hana mchanga, kwa hiyo mnunuzi hana kisingizio cha kushusha bei.

Ukimaliza, msomee mama ntilie mara moja tu, akiwa anasonga ugali. Mwombe arudie siku, saa na anachotakiwa kufanya. Alichosahau ndicho cha kuandika upya.