Shangazi, nilipima mimba ikiwa changa. Sasa nanyonyesha na nina hofu

*Kamwene shangazi. Nina miaka 24, naishi Mafinga, mtoto wangu ana miezi minne. Mimba ikiwa ya miezi mitatu tulipima VVU kliniki mimi na mume wangu, wote tukakutwa hatuna. Sijapima tena. Yeye husafirisha mbao kwenda Dar, na mwezi jana nimegundua ana mwanamke mwingine tangu mimba yangu ilipokuwa kubwa. Naogopa kupima, na mama mkwe akijua atasema namchafua mwanawe. Nimewaza nimwachishe mtoto ziwa kimyakimya. Nifanyeje?*

Kamwene, mwanangu.

Ziwa usimwachishe. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo unaloweza kulifanya usiku huu kwa hofu, na litamuumiza mtoto hata kama wewe huna virusi. Na huo uji ambao najua bibi yake ameshaanza kuutaja, usubiri mpaka miezi sita itimie. Kama virusi vipo, kuchanganya maziwa yako na vyakula vingine mapema hivi humwongezea mtoto hatari.

Sasa itoe kadi yako ya kliniki. Penye kipimo cha VVU utaona tarehe moja tu. Majibu yale yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa ya siku ile. Mwongozo wa taifa unataka mama asiye na virusi arudie kipimo mimba ikiwa kubwa au siku ya kujifungua, na tena akiwa ananyonyesha. Hapo ndipo wengi wetu tunaposahaulika. Binti wa dada yangu aliomba kurudia, akaambiwa vipimo vimeisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo alikuwa leba. Ukishajifungua, anayeitwa kliniki ni mtoto, kwa chanjo na mizani, na wewe unakuwa wa kumbeba tu. Jambo hili linaniuma, maana huku kwetu ugonjwa upo: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4.

Na kwako kuna haraka. Maambukizi yakiwa mapya, virusi hujaa mwilini kwa wingi, hivyo mama aliyeambukizwa juzi bila kujua humwambukiza mtoto kirahisi kuliko aliye kwenye dawa kwa miaka. Bila dawa, katika watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa vizuri, hushuka chini ya watano.

Kwa hiyo usingoje chanjo ya miezi tisa. Siku ya mizani mbebe mwanao, na ukifika kwa nesi mwambie hivi: "Nanyonyesha, nilipima mara moja tu nikiwa mjamzito, naomba kurudia kipimo." Huna haja ya kumsimulia habari za mume wako. Mama mkwe ataona umepeleka mtoto kliniki, basi. Majibu ni siri yako, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza mhudumu kumpa mama mkwe.

Ukikutwa navyo, utaanza dawa siku hiyohiyo na utaendelea kunyonyesha. Mtoto atatolewa matone ya damu kwa kipimo chake maalumu, kwa sababu kile cha watu wazima kinaweza kusoma kinga aliyopewa na wewe tumboni. Naye atapewa dawa. Mwanangu, wako akina mama wengi hapo Mafinga waliopita njia hiyo na watoto wao leo wanakimbia shuleni wakiwa hawana virusi.

Mume wako naye lazima apime. Kumwambia kutakuwa kugumu, na kama unahofia atakupiga, mweleze nesi kwanza, akusaidie namna ya kumwita. Mpaka majibu yake yajulikane, kondomu, na uliza pia kuhusu dawa kinga, zile anazotumia asiye na virusi ili asiambukizwe.

Ukikutwa huna, usiitupe kadi kabatini. Maambukizi ya hivi karibuni yanaweza yasionekane bado. Hesabu miezi mitatu tangu mlipokutana bila kinga mara ya mwisho, mwombe nesi aandike tarehe hiyo chini ya ile ya kwanza, na urudi.