Kuhusu kiwiko cha mpiga chelo

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu anamkataza mwanao kubana kiwiko cha mkono wa upinde, yaani mkono unaoshika ufito wa kusugulia nyuzi za chelo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa. Yuko sahihi kabisa. Zamani Ulaya mwanafunzi alibanishwa kitabu kwapani, kisidondoke. Aliyeuvunja utaratibu huo ni Pablo Casals, mpiga chelo Mkatalunya wa Hispania aliyezaliwa 1876. Tangu akiwa kijana Barcelona aliuacha mkono utembee. Ana miaka 13 akakuta nota za tungo sita za Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, za chelo peke yake kwenye duka la nota kuukuu, akazifanyia mazoezi miaka kama 12 ndipo akazipiga mbele ya watu. Alizirekodi zote sita kati ya 1936 na 1939. Jenerali Franco aliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, Casals hakurudi kuishi kwao; aliendelea kupiga na kufundisha ugenini, akafariki Puerto Rico 1973.

Mwekee rekodi hizo jioni, zima feni asikie vizuri. Akifanya mazoezi tazama bega: likipanda kuelekea sikioni, sauti inaanza kukwaruza. Na tafadhali, kwa joto hili la Dar, chelo isiachwe ndani ya gari. Gundi huachia.