Maswali ya Wasomaji: Foleni ya Kutuma Imeganda

Swali: Ndugu mhariri, kazini kwetu Njiro, Arusha, mwenzangu amebadilisha draiva ya virtio-net ya Linux (programu inayoendesha kadi ya mtandao ya mashine pepe) ili itume pakiti haraka zaidi, nami nimepewa kukagua msimbo wake. Ping inapita vizuri. Ila iperf3 (zana ya kupima kasi ya mtandao) ikiendeshwa kwa muda, mtandao wa mashine pepe unaganda mpaka tuzime kiolesura na kukiwasha upya. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia pale foleni ya kutuma inaposimamishwa. Ping haiwezi kuijaza foleni, kwa hiyo sehemu hiyo ya msimbo haijaguswa kabisa. QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, usipoibadilisha, huipa foleni nafasi 256. Pakiti moja inaweza kutaka nafasi 19: vipande 17 vya data kwa mpangilio wa kawaida wa kerneli, sehemu yake ya mwanzo, na kichwa cha virtio. Nafasi zikishuka chini ya hapo, draiva husimamisha foleni.

Sasa soma mistari inayofuata taratibu. Foleni ikishasimama, draiva huomba kuarifiwa kwa virtqueue_enable_cb_delayed, na jibu la wito huo lazima lisomwe. Likiwa false, mwenyeji (upande wa QEMU) ameshamaliza kazi kabla ombi halijafika, na huenda taarifa isije tena. Draiva yenyewe iokote bafa (maeneo ya kumbukumbu yanayobeba pakiti) zilizotumika na kuiamsha foleni, au ipange NAPI (utaratibu wa kerneli wa kushughulikia pakiti kwa mafungu) ifanye hivyo. Anayewinda kasi huiona hatua hii kama marudio, akaifuta. Foleni inalala na hakuna wa kuiamsha.

Mshukiwa wa pili ni virtqueue_kick, wito wa kumgutusha mwenyeji ajue kuna pakiti mpya. Kumgutusha mwenyeji kila pakiti ni ghali, kwa hiyo kuziunganisha kadhaa si kosa. Lakini foleni ikisimamishwa ni lazima kumgutusha hata kama kerneli imesema pakiti nyingine inakuja, maana haitakuja.

Kuwatenganisha wawili hao, foleni ikiganda chapisha fahirisi ya avail (hesabu ya alichopewa mwenyeji) na ya used (hesabu ya alichomaliza). Zikilingana, mwenyeji amemaliza na taarifa ndiyo iliyopotea. Used ikiwa nyuma na haisogei, shuku kick. Fahirisi hizi ni za biti 16, baada ya 65,535 zinarudi 0. Ukikuta zimelinganishwa kwa alama ya «ndogo kuliko», umepata kosa jingine.

Ili tatizo lijitokeze mapema, washa mashine pepe kwa indirect_desc=off, ili kila kipande kichukue nafasi yake kwenye foleni, kisha endesha iperf3 -P 8 -t 600 (mikondo minane sambamba kwa sekunde 600). Na usikubali kiraka (badiliko la msimbo) kinachodai kasi bila vipimo vya kabla na baada.

Swali: Je, urefu wa pakiti iliyopokewa anaorudisha mwenyeji uhakikiwe, au tumwamini tu? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Uhakikiwe. Kichwa cha virtio kwa kawaida ni baiti 10 au 12 kulingana na vipengele vilivyokubaliwa, na cha Ethernet ni 14. Urefu chini ya jumla hiyo, au unaozidi bafa uliyotoa, utupwe na uhesabiwe kama hitilafu. Hakikisha pia njia ya kutupa inaachilia bafa kwa namna ileile ilivyotengwa. Hapo ndipo kumbukumbu huvuja, na majaribio ya kawaida hayapiti huko.